Chembe Zangu Hazina Adabu

Jumatatu, 3 Machi

Aibu tupu. Leo Daktari kanieleza kinachomtafuna Dada. Ni mimi! Miezi minane iliyopita nilimpa uboho wa mifupa yangu, saratani ya damu ikaondoka, nikatembea mtaani kifua mbele. Kila mteja aliyekuja kushonesha mapazia aliondoka na habari hiyo, apende asipende. Kumbe chembe zangu za damu zimefika mwilini mwake, zimeona kila kitu kigeni, zimeanzisha vita. Ngozi ya viwiko imekakamaa. Mdomo umejaa vidonda. Macho yamekauka, hana hata chozi la kulilia. Vidonge vya kutuliza kinga ya mwili vimegonga mwamba.

Nikamuuliza Daktari kama naweza kuzichukua chembe zangu nikaenda nazo nyumbani. Akasema hapana, hizo hizo ndizo zinazomweka hai. Cha kufanya ni kuzituliza. Kuna utafiti: tiba ya mwanga pamoja na kidonge kipya. Dada kasaini. Shemeji, yaani mumewe, alikuja na daftari na maswali kumi na mawili. Daktari akamsifu. Mimi niliyetoa uboho, hata ahsante sikupata.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeona kwa macho yangu! Mashine yenyewe haizidi kabati la vyombo. Damu ya Dada inatoka kwa mrija, inazungushwa, chembe nyeupe zinatengwa kwenye mfuko, zinatiwa dawa, zinapigwa mwanga, kisha zinarudishwa kwake. Nesi kasema zikirudi zinazituliza nyingine. Zinafanyaje hasa, hata wataalamu bado wanatafuta. Nywele zilinisimama. Mtu anatolewa ugomvi mwilini, unaoshwa, anarudishiwa! Nikauinamia ule mfuko, nikazinong'oneza: jamani, huyo ni Dada, ndiye aliyetulea. Nesi akaniomba nisipumulie vifaa.

Tulipofika nyumbani nikapata wazo. Kama dawa ni mwanga, jua si lipo bure? Nikafungua mapazia yote, kazi ya mikono yangu mwenyewe, nikamvutia Dada kiti dirishani. Shemeji akaingia, akapiga yowe. Kumbe ile dawa inafanya macho na ngozi viungue juani. Siku nzima Dada anatakiwa akae kivulini na avae miwani myeusi. Shemeji alikuwa ameyaandika hayo kwenye daftari lake. Angekosaje!

Jumapili, 16 Machi

Kila siku Dada anajaza fomu ya utafiti: mdomo unauma kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Anaandika kwa penseli, mazoea ya mwalimu wa hisabati. Nane. Nane. Saba. Namba gani hizi? Madaktari si watakata tamaa, wafunge utafiti, mashine ipelekwe kwingine? Shemeji yupo tu anachonga penseli. Mtu mwenye akili anachukua hatua.

Nikachukua ufutio. Nane ikawa nne. Saba ikawa tatu. Nimelala usingizi mnono.

Alhamisi, 20 Machi

Mkosi! Daktari kaisoma fomu, uso ukamng'aa. Akasema kama maumivu yameshuka hivi, vile vidonge vya zamani tuanze kuvipunguza haraka, maana navyo vina madhara yake. Vikipunguzwa kabla ya wakati, si chembe zangu zitamrukia upya?

Dada akaiomba fomu. Akaisogeza karibu na pua, maana macho hayo kuona ni kazi. Akasema taratibu kwamba nne hizi si zake, yeye hajaandika nne iliyolala ubavu tangu aanze kushika chaki. Wote wakanigeukia.

Nikakiri. Daktari hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kila namba ya Dada inaungana na za wagonjwa wengine, na kutoka hapo watatibiwa watu ambao hata hawajaugua bado. Namba ya uongo inamwumiza mtu asiye na habari. Nikawaza watu wote hao, wamejipanga nyuma ya fomu moja ya penseli. Nilitamani ardhi ipasuke. Vidonge vikaachwa vilivyo.

Nje, Dada aliniambia ugonjwa ukimshinda atakubali, lakini hatakubali kuuawa na ufutio wa mdogo wake. Nikalia. Yeye alitaka kulia, akashindwa, akabaki anapepesa macho makavu. Sijawahi kuona kitu kinachouma vile.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya kupima machozi. Wanaweka kikaratasi chembamba chini ya kope, wanasubiri dakika tano, wanapima kimelowa kiasi gani. Mwezi Machi: milimita moja. Moja!

Kugusa fomu nimeacha. Lakini kuyasaidia macho si kugusa fomu. Nikaja na kitunguu mfukoni, nimeshakikata. Kabla Dada hajaitwa, chumba cha kusubiria kizima kilikuwa kinalia, na mimi nikiongoza. Nesi aliufuata mfuko wangu moja kwa moja. Madirisha yakafunguliwa, kipimo kikasogezwa hadi alasiri. Shemeji akaandika kwenye daftari.

Alasiri, hewa safi, mimi nimewekwa korido. Dakika tano. Daktari akapima. Akapima tena. Milimita sita!

Akatuonya kwamba bado mapema, inaweza kurudi nyuma, na mgonjwa mmoja si jibu la utafiti. Sawa, Daktari, sawa. Lakini Dada alinitazama, mimi na macho yangu mekundu na shati linalonuka, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Na hapo, chozi. Likatoka, likashuka shavuni, likafika kidevuni. Hakulifuta. Alilishika kwa kidole, akaliangalia. Shemeji akaacha kuandika. Chembe zangu zile zile, jamani! Zimenisikia!

Nimeapa mbele ya wote: sitaingilia tena utafiti hata kwa ukucha. Dada kanishika mkono, kasema ananiamini.

Alhamisi wanapima ulaini wa ngozi ya viwiko. Nimeshanunua losheni, chupa kubwa.