Nyuki Wangu wa Mesaimeer

Ijumaa, 5 Oktoba 2012

Kanisani, Mesaimeer; hapa Doha ibada ni Ijumaa. Jebet, mwalimu wa watoto, aliwauliza wao ni kina nani kwa ukoo. Melissa akajibu yeye ni mtu wa Abu Hamour, karibu na supamaketi. Bradley akataja namba ya fleti yao. Jebet nusura alie. Basi ana mradi. Wako Wenyeji wa Amerika wanaochonga nguzo zenye wanyama wa koo zao. Watoto wetu nao wachore kwenye katoni mnyama wa ukoo, tupange nguzo moja. Wawapigie nyanya zao simu waulize. Akaomba wasaidizi. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Eugene wa kompyuta naye akainua. Anamtaka Jebet, namjua. Ngoja tu!

Jumapili, 7 Oktoba

Nimepeleleza. Ukoo wa Jebet ni wa nyuki. Sisi Wakikuyu hatuna mnyama, lakini nani Doha atamuuliza nyanya yangu? Ndirangu, tangu leo wewe ni nyuki! Eugene nitampiku asubuhi na mapema.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimechora nikiwa zamu getini. Supavaiza akauliza mtungi wa gesi unatakia nini mabawa. Hajui sanaa.

Ijumaa, 12 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote! Watoto walianza vizuri. Melissa aliongea na nyanyake mpaka salio likaisha, sasa ni ndovu na anatembea kindovu. Bradley, Mkikuyu mwenzangu, akatangaza kwamba nyanyake amesema hatuna wanyama, koo zetu ni za mabinti wa Mumbi, mama yetu wa kwanza. Amechora binti. Nilimkonyeza anyamaze. Nikafunua nyuki wangu. Jebet akapiga kigelegele, akanishika mikono yote miwili. Moyo ulinidunda!

Kisha akawafundisha watoto: wenye mnyama mmoja ni ndugu, hawaoani kamwe. Akasema tangu aje Doha hajawahi kuwa na ndugu, na leo Mungu amempa kaka. Alilia. Ningemwambiaje ni uongo?

Haikuishia hapo. Eugene amemposa Jebet. Wazee wako mbali, kwa hiyo kaka ndiye atakayeketi kupokea posa. Kaka ni mimi! Eugene ameshaanza kuniita shemeji. Nimekwisha.

Jumamosi, 13 Oktoba

Najionea huruma mwenyewe. Ila Kwamboka, nesi Mkisii wa pale kanisani, amenipigia kuusifu mkono wangu wa kuchora. Ukoo wao ni chui. Rangi ya njano na nyeusi imebaki nyingi. Na nikikumbuka vizuri, upande wa mama sisi ni chui kabisa.