Bi Harusi Kwenye Michongoma

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Bi Harusi amepotea. Jana Jumapili, kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, tukiwa kanisani. Kinyonga wa kike, kijani, mnene, sentimita kumi na sita pamoja na mkia. Nilimwokota kule Batsinda mwezi wa tisa nilipopeleka milango ya mteja, na siku hiyohiyo akabadilisha rangi mara tatu, kama maharusi wanavyobadilisha nguo ukumbini. Ndipo akapata jina.

Wamebaki wawili, Mzee na Karani. Hawana habari.

Kizimba nilikijenga mwenyewe: fremu ya dirisha lililokataliwa na mteja, na wavu wa waya wenye matundu ya kupita kidole changu kidogo. Kilikuwa kimefungwa. Kwa kamba, sawa. Nauza vitasa na makomeo mwaka wa kumi na nne huu. Kitasa ni cha kuuza.

Mke wangu Kabagwira anasema Bi Harusi alikuwa na mimba, ameenda kutafuta pa kuzalia. Nikamwambia ule ni unene wa uvivu, ndiyo maana nilimpunguzia posho kutoka nzi sita kwa siku hadi watatu. Mimba ya nani? Akanyoosha kidole kwa Mzee. Nikamwambia Mzee ni mzee.

Jambo zito ni hili. Jumamosi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, na tangazo limetoka: kukata michongoma ya mtaa wote, kuanzia saa mbili. Kinyonga akikaa penye majani ni jani. Panga halitauliza. Nina siku tano.

Jumanne, 25 Novemba

Namshuku Gerald. Jirani, Mhaya wa Bukoba, yuko ofisi ya malori. Michongoma ndiyo mpaka wetu hapa Kagarama. Juma lililopita aliuliza vinyonga wangu wanakula nini. Mtu mwema anauliza hivyo ili iweje? Na leo asubuhi kasimama kwenye michongoma dakika kumi na moja, akitazama matawi, kisha akaniuliza habari za Bi Harusi. Huku anatabasamu.

Mpango. Kinyonga hufuata nzi, nzi hufuata uozo. Saa nne nimeweka ndoo ya matumbo ya samaki na ndizi zilizooza chini ya michongoma. Makadirio: nzi mia mbili ifikapo saa nane. Nikakaa kwenye stuli kusubiri.

Saa nane: nzi mia nne. Wote jikoni kwa Gerald.

Jumatano, 26 Novemba

Picha ya ndoo iko kwenye WhatsApp ya mudugudu, yaani mtaa wetu. Annah, mkuu wa mudugudu, ameandika kwamba usafi ni heshima ya mtu. Hakutaja jina. Ndoo ina jina la duka langu ubavuni.

Mpango wa pili: senene. Huu ndio msimu, na mimi nimekulia Karagwe, senene namjua. Ukimwachia akaruka kwenye tawi, kinyonga yeyote mwenye macho atatoka mafichoni. Nimempigia Rodney wa Masaka, Uganda, atume kilo moja kwa basi. Niliona aibu kusema ni wa kinyonga. Nina miaka hamsini na miwili. Nikasema ni wa mama mkwe, mgonjwa, hana hamu ya kula.

Alhamisi, 27 Novemba

Nyabugogo saa kumi na mbili asubuhi. Nikafungua mfuko palepale kituoni. Senene hawana mbawa. Hawana miguu. Wamekaangwa kwa vitunguu na chumvi.

Rodney kwenye simu akasema yeye na mkewe walikesha wakiwanyonyoa, maana mgonjwa hapewi senene mwenye miguu. Akasema wanamwombea mama. Nikashukuru.

Kinyonga hali kitu kisichosogea. Nimemfunga senene mmoja kwa uzi, nikamburuta mbele ya Mzee dakika arobaini, nione kama hila inafaa. Jicho moja likanitazama mimi. La pili likamtazama Kabagwira, aliyekuwa mlangoni na mwiko.

Harufu ikamleta Gerald. Robo tatu ya kilo kala yeye. Alipokuwa akijilamba vidole akaniambia, "Ndugu yangu, acha kutikisa ile michongoma. Mwenye mzigo anataka utulivu."

Mzigo gani? Anajua kitu. Nimemwona machoni.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimeenda kwa Annah kuomba upande wetu usikatwe. Akataka sababu. Kumtaja kinyonga haiwezekani. Mtaani kwetu ukisema uruvu, ndilo jina lake hapa, watu wazima wanavuka barabara. Nikasema nyuki. Wengi. Wakali.

Akaandika. Akanishukuru kwa kujali usalama. Saa nane tangazo limetoka: kesho kwangu, kwa Mutsinzi, wataanza na moshi, saa moja na nusu.

Nimepekua michongoma mchana kutwa. Matawi mia tatu na kumi na mawili. Mikono imechanika, yeye hayupo.

Kabla hajapotea, kila asubuhi nikinyoa ndevu alikuwa akinitazama kwa jicho moja, la pili likiwa na shughuli zake. Humu ndani hakuna mwingine anayenipa hata hilo moja.

Jumamosi, 29 Novemba

Watu ishirini na sita. Majani mabichi yakawashwa. Nikasimama mbele ya moshi, nikasema hakuna nyuki.

"Bwana Mutsinzi," Annah akasema, "jana walikuwa wakali."

Nikasema wamehama.

"Wamehama na watoto?"

Wakacheka wote. Panga la kwanza likainuliwa.

Gerald akasema subirini. Akapenyeza mkono kwa upande wake, akavuta tawi taratibu. Bi Harusi. Amekonda. Na watoto wake, kila mmoja kama njiti ya kiberiti. Watu waliruka nyuma, mmoja akaacha ndala. Annah peke yake hakusogea. Akahesabu kwa sauti: kumi na mmoja. Akasema nyuki wangu wana mikia.

Kumbe Gerald alimwona tangu Jumatatu. Akanyamaza kwa sababu, kasema mbele ya umma, ningemrudisha kwenye posho ya nzi watatu. Kila asubuhi alikuwa akimletea panzi.

Kabagwira akasema, "Baba Sangwa, mshukuru jirani." Nikamshukuru, maneno manne.

Bi Harusi akaweka mguu kwenye kidole changu. Nikafuta macho. Ni moshi.

Jumapili, 30 Novemba

Asubuhi kizimbani: wakubwa watatu, watoto kumi na mmoja. Jumla kumi na wanne. Posho mpya: nzi mmoja kwa watoto wawili. Bi Harusi watatu, maana unene hurudi. Kabagwira akauliza juu ya ule wavu. Nikamwambia wavu ni mzima, mwizi hupita mlangoni. Kamba nimeipiga mafundo mawili. Tukaenda kanisani.

Tumerudi saa saba. Watoto sita.

Mafundo yote mawili yako palepale. Kwa hiyo mwizi anajua kufunga tena. Nimeandika barua hii, naichomeka kwenye michongoma sasa hivi:

"Ndugu Gerald. Watoto watano wa kinyonga wametoweka leo kati ya saa tatu na saa saba. Najua ulikuwa kanisani, benchi la mbele yangu. Usiifanye hiyo kuwa hoja. Sitaki habari za mizigo wala utulivu. Unao au huna? Neno moja, kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo."