Ombi la Kuzuia Gari-Moshi Hadi Jambo la Tatu Liishe

Kolwezi, tarehe 9 Mei 1993

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Stesheni,

Salamu kwako na kwa wote wa ofisi yako. Mimi ni Mukalay, kiongozi mpya wa zamu katika karakana ya pampu. Ili nisikupotezee muda, ajenda ya barua hii ina mambo matatu: kosa la Tata Muamba, kosa la gari-moshi, na ombi langu.

1. Mzee wetu, Tata Muamba, ameongoza karakana yetu miaka ishirini na miwili. Tangu Januari alikuwa akinifundisha kazi ya kuongoza, kila Jumanne saa moja asubuhi. Hakuna Jumanne iliyoanza bila yeye kushika chaki na kuniuliza, "Tata Mukalay, leo tuko natafuta nini?" Nikijibu kwamba natafuta kujifunza tu, anaketi na kungoja. Siku moja alingoja dakika arobaini. Hatuanzi mpaka mambo matatu yameandikwa ubaoni, na hatuinuki mpaka kila moja limewekewa tiki. Nimeharibika kabisa. Jana nilimwuliza mke wangu Mignonne ajenda ya chakula cha mchana, akanipa sahani tupu niisome.

2. Mwezi uliopita vijana wenye fimbo walimtoa Tata Muamba nyumbani kwake kwa sababu babu yake alitoka mkoa wa Kasai. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, nyuma ya hospitali. Sasa anaishi kwenye jukwaa lako pamoja na mkewe Mama Annie, magodoro mawili na sanduku la bati, wakingoja gari-moshi la kuwarudisha mahali ambapo hawajawahi kufika. Mimi sina maoni ya siasa, nina maoni ya ratiba. Kumfukuza mtu kabla ya ajenda kwisha ni kukosa adabu, na kumenikasirisha.

Yeye nami tunaendelea na mambo yetu matatu kwa chaki juu ya kifuniko cha sanduku. Mama Annie amesema, "Banaume, mi nitakufa na hii ajenda yenu," lakini hulala upande mmoja ili maandishi yasifutike. La kwanza, kugawa zamu, tumemaliza. La pili, kusema na mfanyakazi aliyekosea bila kupiga kelele, tumemaliza pia, ingawa nilipiga kelele kidogo. La tatu ni kwamba Mukalay aweze kupanga ajenda yake mwenyewe na kuifikisha mwisho bila msaada. Hilo bado kabisa. Linaweza kuchukua miaka, maana mimi ni mzito.

3. Kwa hiyo naomba gari lisiondoke mpaka la tatu liwekewe tiki. Kama kuna abiria wengine wenye mambo yasiyokwisha hapa Kolwezi, na nimeuliza, ni wote, basi wangoje pamoja naye, ikiwezekana ndani ya nyumba zao. Mabehewa yapelekwe Lubudi kuchukua mahindi. Huko kuna mzigo unaotaka kusafiri.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wakata tiketi, na dereva, ambaye simchukii.

Wako mwenye heshima,
Mukalay

N.B. Kabla ya kuileta barua hii nilimpa Tata Muamba aipitie. Ameisoma mara mbili. Amesema ajenda iko juu, mambo matatu yamefuatana, na hakuna lililoachwa njiani. Kisha akachukua chaki, akaweka tiki kwenye la tatu pale juu ya sanduku, akanipa mkono na hakuuachia upesi. Tafadhali chukulia kwamba barua hii haikukufikia.