Namtafuta Anayefanana na Dale Harlan

Jumatatu, 3 Machi
Pascalia, fundi cherehani jirani wa kibanda changu cha kunyolea hapa Shianda, analia. Redio imemeza kanda ya marehemu baba yake! Mzee alikuwa na kanda moja tu maishani, ya Mmarekani anayeitwa Dale Harlan. Jumamosi ni ibada ya ukumbusho wake. Harlan hapatikani popote, hata mtandaoni. Pascalia akauliza nani anajua mwanamuziki wa kufanana naye. Titus, fundi wa kuchomelea vyuma, akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema muziki huo wa kantri ndiyo fani yangu. Sijui lolote.

Jumanne, 4 Machi
Simu inasema anayempenda huyu humpenda na yule. Nikamfuata yule, akanipeleka kwa mwingine. Wanaume thelathini na wawili, wote ndevu. Wa thelathini na tatu ni yule wa kwanza! Wengine wanaitwa foki roki, wengine kantri roki. Nilimuuliza Titus tofauti, kana kwamba namtahini. Akasema wa kantri ameondoka nyumbani na anajuta. Wa foki yuko nyumbani, analaumu serikali. Nimeandika. Bado sielewi.

Jumatano, 5 Machi
Pascalia kataka jina. Moja tu. Titus alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Majina yote yakanitoka! Macho yakaangukia mkebe wa poda ya talkam. Nikasema: Talkam Brown. Pascalia akaandika. Titus akasema anamjua sana, nyimbo zake anazo nyumbani. Kumbe yupo? Nimemtafuta mpaka chaji ikaisha.

Alhamisi, 6 Machi
Titus kaleta flashi. Talkam Brown yupo! Anaimba kwa pua, vizuri ajabu, habari za mama yake na gari moshi. Reli anaiita “lailway”. Nimemweleza Pascalia kwamba hiyo ni lafudhi ya kusini mwa Marekani. Katikati ya wimbo jogoo anawika. Kumbe hata wao hufuga ingokho, kuku kama wetu. Wivu umenikaba. Nimemgundua mimi, halafu nyimbo anazo Titus!

Jumamosi, 8 Machi
Nilisisitiza kubonyeza kitufe mwenyewe. Kwanza nikahutubia kuhusu maisha ya Talkam Brown, dakika kumi. Wimbo ulipoanza, Mama Awinja, mamake Pascalia, akashika shavu, machozi yakamtiririka. Akasema hivyo hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akiimba akikamua ng'ombe.

“Huyu ni nani, mwanangu?” akaniuliza.

Nikajibu ni mtu wa Texas. Titus akainuka polepole.

“Ni mimi, Mama. Nilirekodi jikoni kwetu. Sikutaka Pascalia akose wimbo.”

Makofi! Pascalia mwenyewe akampelekea firigisi, heshima ya mwenye nyumba. Mimi nikapewa shingo.

Jumapili, 9 Machi
Sielewi. Kama Titus ndiye Talkam Brown, mbona aliniacha nimtafute? Baada ya kanisa Pascalia akaniita kando. Hakukasirika, na hapo ndipo paliuma. Akasema siku nyingine niseme tu sijui, hakuna atakayenicheka. Nikakubali kwa moyo wote. Nikamshukuru hata. Sijafika langoni, katekista akaniuliza kama namjua mtu anayeweza kufundisha kwaya nyimbo za Kilatini. Nimemwambia nimelelewa nazo. Mazoezi ni Jumanne. Wanakwaya arobaini.