Kanzidata ya Konokono na Adui Yangu Mfamasia

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeamua. Jumamosi Chama cha Wapenzi wa Konokono kinachagua Mtunza Majina, na safari hii ni mimi! Nimegombea mara tatu na mara tatu Mfamasia amenibwaga. Mara ya mwisho nilipata kura mbili: yangu na ya mke wangu. Baadaye mke wangu akakiri kwamba yake alimpa Mfamasia. Mpaka leo namtafuta aliyenipa ile ya pili.

Mfamasia anatunza majina ya Kilatini ya konokono wetu wote (tunakusanya magamba yao makavu) kwenye daftari la jalada la kijani. Ukitaka jina la konokono wako sharti uende dukani kwake, usimame nyuma ya wagonjwa, ungoje. Miaka sita sasa! Mimi nitayaweka majina yote mtandaoni. Kanzidata! Mtu anagusa simu, jina linatokea. Nani atamhitaji tena Mfamasia? Wenye mafua tu.

Kazi yangu ni ukarani wa ghala la vipuri vya magari. Natunza vipuri elfu nane na sijapoteza hata skrubu moja. (Mbili. Lakini hizo zilipotea zamu ya mwenzangu.) Aina za konokono za chama kizima hazifiki mia tatu. Mteremko!

Shemeji, dada wa mke wangu, ndiye mjuzi wa kompyuta katika ukoo huu. Amekubali kunijengea. Kasema anafanya hivyo ili dada yake apumzike kunisikiliza. Sikumwelewa vizuri, ila nimemshukuru.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaomba wanachama picha za vibandiko vyao. Kila konokono wetu ana kibandiko: jina, mtaalamu aliyelitoa, mwaka aliolitoa. Wote wametuma isipokuwa Mfamasia. Haidhuru, orodha yake ninayo, maana kila mkutano huibandika ukutani watu waione. Aina mia moja na kumi na mbili! Mimi ninazo sitini na nne.

Mchana nikagundua hazina. Kuna konokono waliopewa majina mara mbili, mara tatu, hata mara nne, na wataalamu wasiojuana. Kitabu nilichoazima maktaba kinasema wazi: huyu ndiye yule yule. Tatizo hili nalijua nje ndani! Kiwanda kikibadilisha namba ya pedi za breki, namba mpya ndiyo namba. Ya zamani inafutwa, kibandiko chake kinatupwa. Nikafanya vivyo hivyo. Jina jipya juu, la zamani chini, kwa maandishi madogo ya kijivu. Miaka yenyewe sikuiingiza. Ya kazi gani?

Kisha nikahesabu upya aina za Mfamasia. Sabini. Sabini tu! Nilicheka mpaka mteja dirishani akaniuliza kama hizo breki ninazouza ni salama.

Jumatano, 6 Machi

Kanzidata iko hewani! Kila mwanachama anaonekana na idadi ya aina zake pembeni. Kundi letu la simu halikutulia asubuhi nzima. Muuza vitambaa kaandika kwamba kalipata jina la konokono wake akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi. Nimepongezwa mara kumi na moja. Nimehesabu.

Saa nane mchana Mfamasia mwenyewe akaja ghalani, na koti lake jeupe, akajifanya anatafuta kichujio cha hewa. Hana gari. Nikamuuliza kwa adabu zote ni kichujio cha gari gani. Akaacha kuzunguka, akasema majina hayakatwikatwi kama vitunguu, na kwamba angependa tukae wawili tuipitie orodha, kuna jambo moja kubwa nimelikosea. Nikamwambia samahani, foleni ni ndefu. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Kaondoka mikono mitupu! Siku tamu kama hii sijaiona tangu nifunge ndoa. (Mke wangu asisome hapa.)

Jioni nikafungua ukurasa wangu ili nijifurahishe. Mimi: thelathini na moja.

Thelathini na moja! Nikadhani simu imeharibika. Nikampigia Shemeji, akasema mashine haimjui shemeji wala jirani, imeunganisha majina ya kila mtu. Nikaenda kabatini na kitabu mkononi. Kweli tupu. Konokono mmoja wa kahawia ninaye mara nne, kwa majina manne, na wote wanne nilibadilishana na Mfamasia. Nikampa wangu wenye mistari, wazuri! Mke wangu kasema huenda naye hakujua. Huyu mwanamke ana moyo mwema mpaka inachosha.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa imepatikana. Pembeni ya jina langu hakuna tena idadi. Pameandikwa: "Mhariri Mkuu, hashindani." Heshima iliyoje! Muuza vitambaa kauliza nimekuwa mhariri mkuu tangu lini. Nikajifanya hamnazo.

Saa kumi nikaitwa kwa Bibi Mkunga. Ndiye mwenyekiti wetu. Nusu ya wanachama tumezaliwa mikononi mwake, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumpinga. Nilikwenda kifua mbele, nikijua naenda kupongezwa.

Mezani palikuwa na kisanduku cha pete, na ndani yake konokono mmoja mdogo. Marehemu mumewe, fundi saa, alimwokota kwenye ukuta wa kisima kabla mimi sijazaliwa. Mtaalamu mmoja wa mbali akampa konokono huyo jina la fundi saa, akalivalisha mkia wa Kilatini. Bibi na mumewe hawakujaliwa mtoto. Jina la yule mzee haliko mahali pengine popote duniani, ila kwenye kibandiko kile. Na kwenye kanzidata yangu lilikuwa chini, la kijivu, limefutwa.

Alinimiminia chai kwanza. Kisha akasema, wala sauti hakuipandisha: "Mwanangu, wewe nilikupokea mimi. Mume wangu nilishamzika mara moja. Umenizikia mara ya pili."

Sikujua niangalie wapi. Niliona haya, haya ya kweli, si ile ya kushindwa kura. Nikamwahidi kulirudisha. Akaniuliza kama nalirudisha kwa sababu ni haki au kwa sababu namhurumia mzee. Nikasema ni haki, Bibi. Njiani nikakumbuka kwamba konokono yule ana jina jingine, na hilo jingine ndilo jipya. Kwa sheria ya ghala, fundi saa hana chake. Nimerudi nyumbani bila raha kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelipandisha kwa nguvu! Jina la fundi saa liko juu, nimelipamba na nyota ya dhahabu. Bibi atafurahi, na Bibi akifurahi kura sita zinamfuata. Huruma na hesabu vimekwenda pamoja. Mimi sioni kosa.

Saa tatu na nusu Mfamasia akaandika swali moja tu kwenye kundi: kwa nini jina hili lina sheria yake na mengine yana sheria nyingine? Mchokozi! Mara Muuza vitambaa naye akataka nyota. Kisha kinyozi. Kufikia saa kumi na moja nilikuwa nimegawa nyota arobaini na moja. Bibi Mkunga kaandika maneno machache: kama nyota yake ni ya kuhurumiwa, niishushe. Shemeji kasema kanzidata sasa inafanana na kadi ya harusi. Nikazifuta zote, na jina la fundi saa likarudi chini.

Mke wangu kanishauri niende kwa Mfamasia nimuulize lile jambo kubwa ni lipi. Nikamwambia bora ninywe dawa za dukani kwake zote kwa mkupuo.

Jumamosi, 9 Machi

USHINDI! Acha niandike kwa utaratibu.

Tulikutana chumba cha nyuma cha maktaba. Wanachama wote kumi na tisa, na Shemeji na kompyuta yake. Mfamasia akasimama na daftari la kijani. Akaeleza kwamba konokono si vipuri. Kwenye majina ya viumbe, wataalamu wote hufuata jina lililotangulia, si lililokuja mwisho. Bwana Vipuri (ndiye mimi), akasema, ameisimamisha orodha nzima kichwa chini miguu juu. Kisha akafungua daftari, ambamo kumbe miaka yote imeandikwa, akamgeukia Bibi Mkunga.

"Mama, jina la mzee halihitaji nyota wala huruma. Lilitangulia lile jingine kwa miaka miwili. Ndilo halali."

Bibi akamwomba asome tena. Akasoma tena. Bibi akatoa leso. Nami macho yalinijaa, nikawaambia waliokuwa karibu kwamba ni vumbi la vitabu. Shemeji akaongeza safu ya miaka, Mfamasia akawa anasoma, Shemeji anaandika, saa mbili nzima. Kila jina lenye mwaka wa zamani likapanda juu lenyewe. La fundi saa likapanda. Bibi aliishika simu kifuani, hakuiachia tena.

Hapo nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikawatangazia kwamba orodha niliipindua makusudi, nipime nani katika chama hiki yuko macho, na kwamba Mfamasia peke yake amefaulu.

Mfamasia akaniangalia. Akamwangalia Bibi anavyotabasamu. Akavua miwani, akaifuta, akasema kilikuwa kipimo kizuri. Kaniogopa! Kisha akajitoa kwenye uchaguzi! Kasema miaka sita majina yamekaa nyuma ya kaunta yake, na leo Bibi anaondoka na la mumewe mkononi. Aliyelifikiria hilo ndiye ayatunze.

Kura kumi na nane. Mmoja hakuinua mkono. Mke wangu anasema si yeye, lakini nilikuwa nimekaa naye.

Jumapili, 10 Machi

Mtunza Majina! Nimejiita hivyo mbele ya kioo mara kadhaa. Linanikaa.

Asubuhi Mfamasia kaleta daftari la kijani, na kikasha chenye konokono wangu wenye mistari. Kamwambia mke wangu kwamba hakujua wale wa kahawia ni aina moja, anaomba radhi. Mke wangu anataka niende kumshukuru. Kwa lipi? Adui akisalimisha silaha, unapokea, unafunga mlango.

Nimeanza kazi rasmi. Jambo la kwanza nimeliona papo hapo: ile safu ya miaka inaharibu ukurasa. Kwenye simu inasukuma majina, yanakatika mistari miwili. Nimeifuta. Ukurasa umependeza mno! Kuna majina yamepanda na mengine yameshuka yakawa ya kijivu, sijui kwa nini, lakini hayazidi arobaini hivi.

Simu inaita. Bibi Mkunga, mara ya tatu ndani ya robo saa. Maskini, hachoki kunishukuru.