Hodi Yapigwa Marufuku Mwatuta

Mwaka huu wa themanini na saba, lokesheni ya Mwatuta, huku Kisauni, ilipiga hatua ambayo hata Nairobi haijaiota: hodi ilipigwa marufuku.

"Hodi ni ushamba," Chifu Sheikhan alitangaza barazani, kofia ya kazi imemshuka mpaka nyusini. "Mtu anapiga hodi, anaingia, ananikuta. Serikali haikutwi ovyo ovyo! Kuanzia leo, neno ni apointimenti."

Wiki nzima ikatengwa ya kulisoma. Wazee waliliimba uwanjani mpaka taya zikawauma. Aliyefaulu alipewa kadi yenye siku na saa. Aliyeshindwa alirudi na shida yake nyumbani, ikapumzike.

Shida ya Tima, binti wa hapo hapo, haikuwa ya kupumzika. Hoteli moja ya Shanzu ilimwekea kazi ya kupiga pasi mashuka, mwisho Ijumaa, mradi apeleke barua ya chifu kwamba kwao anajulikana. Basi akasoma.

"Apointimenti maana yake nini?" Chifu akamuuliza mbele ya watu.

"Ni watu wawili kuagana saa, na wote wawili waishike."

"Wawili?" Chifu akacheka. "Mwananchi ndiye wa kuishika, binti. Mimi nashikwa na majukumu."

Hata hivyo akampa kadi: Alhamisi, saa tatu.

Alhamisi saa tatu Tima alikuwa benchini, nje ya ofisi ya Chifu. Saa nne, bado. Chifu alikuwa kwake, akitekeleza majukumu ya kahawa na tende. Saa tano likaja gari jeupe, akashuka bwana mnene wa suti, akaenda moja kwa moja mlangoni.

"Hodi!"

Ruwa, bawabu, nusura aangushe rungu. "Mzee, hilo lilifutwa. Una apointimenti?"

"Mimi ni D.C., mkuu wa wilaya!"

"Shikamoo, D.C. Kadi iko wapi?"

"Kadi ya nini, wewe?"

"Chifu alituonya. Alisema watakuja watu na vitambi vyao, watajidai wakubwa. Hebu keti hapo kwa dada, akufunze."

D.C. akaketi. Benchi likalia. Tima akamsogezea nafasi, akamfunza neno kwa adabu zote, pamoja na matumizi yake ya Mwatuta: wewe upo, mwenyewe hayupo. D.C. akatoa kijitabu, akaandika. Akamwomba arudie, akaandika tena.

Saa saba Chifu akatokea, kijiti cha meno mdomoni. Alipoona nani yuko benchini, kijiti kikaanguka.

"Mheshimiwa! Karibu, karibu ndani..."

"Taratibu," akasema D.C. "Mwenye kadi kwanza."

Barua ya Tima ilichukua dakika nne na mihuri mitatu, mmoja kichwa chini. Alipotoka, D.C. alikuwa mlangoni, anamchania Chifu karatasi kutoka kijitabuni: *Uje ofisini kwangu, saa tatu.* Siku haikuandikwa.

Huu ni mwezi wa nne tangu Tima aanze kupiga pasi Shanzu. Ruwa humletea habari. Chifu huvuka daraja kila asubuhi kwenda mjini kwa D.C., na saa tatu huwa keshakaa. Juzi uvumilivu ulimwisha, akasimama, akagonga mlango.

"Hodi!"

Bawabu wa huko akamtazama toka kofia mpaka viatu.

"Mzee," akamwambia, "acha ushamba."