Kidole Gumba cha Mama

Jumatatu, 2 Hidar
Madaktari wa macho wamefika hapa mjini Debre Tabor! Wanaondoka Ijumaa. Mtoto wa jicho amemfunga mama macho yote mawili, na kabla hawajaondoka lazima aone. Nimeapa. Mama hataki, anasema macho ni yake. Basi mimi, kifungua mimba wake, nikajaza fomu ya ridhaa na kutia sahihi yangu, ile yenye mkia. Muuguzi, Sista Asnakech, akairudisha. Ati akubali mwenye macho. Msichana wa juzi tu! Nikafunga vifungo vya koti na kuondoka kwa heshima. (Koti la marehemu baba. Mama anaamini nililitoa sadaka kanisani. Haoni, na nguo haisemi.)

Jumanne, 3 Hidar
Mpango wa pili. Nimenunua wino wa mhuri. Nikamwambia mama kwamba chama cha kuzikana kinaandikisha wanachama upya, alete kidole gumba. Akaleta. Nikampeleka hospitali, eti kusalimia wagonjwa. Sista akatazama fomu, akamtazama mama, akamuuliza amekubali nini hasa. Mama akajibu kwa upole kwamba amekubali kuzikwa.

Fomu ikachanwa mbele ya foleni nzima. Kurudi nyumbani mama hakunishika mkono. Alishika fimbo.

Jumatano, 4 Hidar
Sikati tamaa. Nimetuma wazee watatu, kama wanaoenda kuposa. Desturi inajulikana: wanasimama mlangoni, hawakai mpaka wakubaliwe. Nani huwaacha wazee wasimame?

Mama aliwaacha. Alikaanga buni kwa kunusa, akaitwanga, akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Ndipo akawauliza daktari atafanya nini ndani ya jicho lake. Mzee Tirfe akasema linatolewa, linaoshwa, linarudishwa. Wa pili akasema hapana, linakwanguliwa kwa wembe. Wakabishana. Wa tatu akaniuliza mimi. Sikujua! Kufika kikombe cha tatu magoti ya Mzee Tirfe yalisalimu amri, akakaa bila kukubaliwa chochote. Aibu gani hii. Na kahawa yangu wakainywa.

Alhamisi, 5 Hidar
Alfajiri nimemkuta mama ameshavaa. Amesema nimpeleke kwa yule binti, ana maswali.

Sista akaniamuru nisubiri nje. Nikasubiri chini ya dirisha. Akamweleza kila kitu: jicho halitoki, linatiwa ganzi, ukungu unaondolewa, kinawekwa kioo kidogo. Hapo angenyamaza! Lakini akaendelea. Kwamba kuna wachache ambao jicho lao haliponi. Kwamba anaweza kukataa na hakuna atakayemnunia. Nikashika kichwa. Muuzaji gani anamwambia mteja kwamba huenda ndizi zimeoza? Siku nne za jasho langu!

Mama akasema afanyiwe la kushoto kwanza. Likiwa na adabu, atalifikiria la kulia. Akaomba wino mwenyewe.

Nje nilimuuliza kwa nini amemkubalia mgeni na mimi mwanawe akaninyima.

“Mwanangu, wewe ulikuja kuchukua ndiyo yangu,” akasema. “Yule ameniuliza.”

Wakamwingiza ndani. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa nane, nikimwomba Malaika Mikaeli. Niliogopa sana. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Ijumaa, 6 Hidar
Bandeji imetolewa. Mama akatazama dirisha. Akamtazama Sista, akamwambia kumbe ni mzuri. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama kuanzia juu hadi chini. Nililia kwa furaha. Ameona!

“Yihenew,” akasema, “hilo koti kanisa limekurudishia lini?”

Sista alitoka nje kucheka. Nimerudi nyumbani na shati tu, kwa baridi hii ya mwezi wa Hidar.

Jumamosi, 7 Hidar
Mama anaona kila kitu. Ameona paa lilivyotoboka, ameona nywele zangu zilivyopungua, ameona chini ya kitanda changu vipande vya kikombe alichodhani mjukuu ndiye aliyekivunja. Madaktari watarudi baada ya Pasaka. Nimemwambia la kulia lifanyiwe siku ya kwanza kabisa. Amesema atafikiria.

Afikirie nini tena? Fomu ninayo tayari, niliichukua mezani kwa Sista alipokuwa anacheka. Wino umebaki wa kutosha. Shida ni moja tu: sasa anaona. Itabidi nisubiri alale.